Nani Alifungua Mlango ya Marita

Kaa hapa, ndugu yangu, hapana simama kama mutu ya kodi. Sukuma hiyo tairi ya spea, kaa, sikiza mpaka mwisho. Hii benchi yetu iko Koboko, karibu na mpaka ya Sudan, kando ya barabara ya kwenda Arua, mbele ya jiko ya Hajati Sadiya. Hajati anapika kahawa ya tangawizi birika moja tu kwa siku, akimaliza kuswali alasiri. Ikiisha imeisha, hata kama wewe ni mkubwa gani. Pale kwa kona anakaa Ramathan, jina yake Redio, kwa sababu tangu azaliwe hakuna mutu ameona kifungo yake ya kuzima. Yeye ni Mnubi, anaendesha boda kwa steji moja na mimi. Karibu na pampu anakaa Igga, huyo ni Injinia, anaziba mipira ya magurudumu, alikimbia kutoka Kajo-Keji, ng'ambo ya mpaka, wakati ya vita. Katikati ni Annet. Annet anauza mitumba, lakini alisoma kwa masista kule Ediofe mpaka Senior Siksi, na kwa mdomo yake ndiyo shida yote ilitoka. Mimi wananiita Chapu. Shule niliacha Senior Tu, na hapana uliza kwa nini.

Shida ilianza kwa beli, ile furushi kubwa ya mitumba, ya makoti ya watoto. Annet anafungua beli, ndani anapata kitabu, nene kama tofali ya kuchoma. Kwa ganda ya mbele kuna picha ya msichana na gauni mpaka chini, nyuma yake moshi, juu kabisa msalaba mdogo. Tulisema auze kwa mama ya karanga, achane karatasi afungie karanga. Annet akasoma ukurasa moja kwanza. Akasoma ya pili. Siku ile hakuuza koti hata moja.

Kutoka hapo ikawa sheria: birika moja, sura moja. Annet anasoma Kizungu ndani ya roho, anatoa Kiswahili kwa mdomo. Ni habari ya zamani kwa wazungu, kabla ya pikipiki, kabla ya simu. Mfalme amekataza watu kusoma Biblia kwa lugha yao. Kuna msichana, Marita, baba yake alikuwa na kinu ya kusaga ngano kando ya mto. Marita anaficha Biblia ndani ya magunia ya unga, anapitisha mpaka. Kuna askari ya mfalme, Lukas, kazi yake ni kukamata watu kama Marita. Na huyo Lukas anampenda. Na kuna baba mdogo, Tobia, anataka kile kinu. Ijumaa ile ingine Annet alisoma mpaka Tobia anamfungia Marita ndani ya ghala, komeo kwa nje, mvua inanyesha, mto inapanda. Maji kwa goti. Halafu akafunga kitabu, akapanda gari ya mizigo kwenda Omugo kuuza mitumba, na kitabu akaenda nayo. Siku saba.

Siku saba, ndugu yangu. Redio alikuwa anabeba abiria na kupita nyumba yao.

Ijumaa hii Annet akarudi. Hata hakuteremsha beli. Hajati akamimina kahawa, Annet akafungua, akasema:

— Maji ilifika kwa kifua. Marita akaweka mikono yote kwa mlango, akasema, Bwana, kama ni leo, ni leo. Halafu akasikia komeo. Komeo ikasogea polepole, kama mutu hataki kusikiwa. Mlango ikafunguka. Marita akatoka, akaangalia huku, akaangalia huku. Nje hakukuwa na mutu.

Akafunga kitabu.

Lori ya saruji ikapita, vumbi ikaingia kwa vikombe, hakuna mutu alifunika.

Redio: Nani?

Annet: Hawajasema.

Redio: Fungua mbele.

Annet: Sheria ni sheria, Redio.

Redio: Mimi siombi sura. Naomba jina moja tu.

Hajati Sadiya: Hata nikaha iko na subira yake. Kunywa.

Redio: Hajati, mimi nimengoja siku saba. Simba mwenda pole ndiye hupata ajali. Hiyo ilisemwa na wahenga.

Injinia: Wahenga gani hao?

Redio: Wa Koboko.

Injinia: Ni Lukas alifungua. Iko wazi kama jua.

Redio: Lukas iko kwa jela, wewe. Walimfunga sura ya kumi na sita kwa sababu alikataa kuchoma kinu. Ungekuwa unasikiza ungejua, lakini wewe unasikiza na mpira kwa maji, unatafuta povu.

Injinia: Anaweza kutoroka. Mapenzi inatoboa ukuta.

Redio: Lukas hawezi kutoroka. Lukas aliapa. Yule kijana ni Muislamu, hajijui tu. Sura kumi na tisa, hajagusa msichana hata kidole. Akimwona njiani anateremka kwa farasi. Alienda kwa mama ya msichana kwanza. Nimekaa nikashangaa: hawa watu wa kitabu wanapendana na makoti yao, na viatu yao, hakuna mutu anavua hata soksi, na mimi moyo inapiga kama injini imekosa oili. Na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Annet: Hiyo ni ya mutu anaficha shida yake.

Redio: Ndiyo hiyo nasema. Hawa wanaficha, na mwisho utaona, watoto sita.

Hajati Sadiya akacheka kidogo, akakoroga makaa.

Hajati: Mimi niliolewa mara mbili. Wote walikuwa watu wazuri, Mungu awarehemu. Lakini hakuna moja aliniangalia vile Lukas aliangalia mlango ya kile kinu, na Marita hayuko hata ndani. Nikisikia ile sura nilikuwa nachoma buni, buni ikaungua yote. Nikasema, kumbe kuna watu mahali wanaangalia hivi.

Injinia: Sawa, kama si Lukas, basi ni maji.

Redio: Maji gani?

Injinia: Komeo ya zamani ni ya mti. Mti inaelea. Maji ikipanda, mti inapanda. Hiyo ni hesabu.

Hajati: Komeo ililala ubavu, Igga. Annet alisema Tobia alisukuma kulia. Maji yako inasukuma kushoto?

Injinia: Inategemea mto inatokea wapi.

Redio: Ni Tobia mwenyewe. Alitubu.

Injinia: Tobia? Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Redio: Hiyo ni mtoto. Tobia ni baba mdogo. Baba mdogo ya nyoka anaweza kuwa mjusi.

Annet akaficha mdomo na koti ya mtoto, mabega inatikisika.

Redio: Ama ni babu zetu.

Annet: Babu zenu wameingia namna gani tena?

Redio: Babu zetu walikuwa askari. Walitoka Sudan na miguu, wakapigana huku, wakapigana kule, wengine hawakurudi. Mmoja akipotea njia kidogo tu anafika kwa wazungu. Anaona ghala, anasikia mutoto wa mutu analia ndani. Mnubi ataacha? Anafungua, anaenda zake, hataki asante. Ndiyo maana nje hakukuwa na mutu.

Injinia: Na bahari? Alivuka na nini?

Redio: Wewe umesema maji inafungua komeo, hiyo umeamini. Babu yangu akivuka bahari, hiyo unataka hesabu.

Injinia: Kitu inanisumbua mimi si bahari. Ni hizo Biblia ndani ya unga. Pale mpakani askari anapiga chuma mrefu ndani ya gunia, tshu, amejua yote. Huyo msichana amepitisha magunia arobaini. Hiyo ni Mungu peke yake. Hiyo hata mimi nakubali.

Hapo mimi nikashindwa kunyamaza. Siku zote wananijua, mimi ndiye wa kwanza kupiga kelele, na leo nilikuwa nimekaa nauma kikombe.

Mimi: Mimi nafikiri najua nani alifungua.

Wote wakageuka.

Mimi: Ni kanisa yetu.

Redio: Chapu, umekula nini?

Nikawaambia. Jumapili, Annet iko Omugo, mimi nilienda kanisa. Mimi si mutu wa kanisa sana, lakini maji ilikuwa kwa goti, na kila nikiwasha pikipiki nasikia mto. Kwa kanisa yetu, kikapu cha pili, baada ya ile ya sadaka, ni ya karatasi. Mutu anaandika shida yake, mzee wa kanisa anasoma mbele, watu wanaomba. Karatasi ikanifikia. Mkono yangu ikaandika: "Ombeeni Marita. Baba yake mdogo amemfungia ndani ya ghala kando ya mto. Maji inapanda. Hana mutu." Sikuandika ni kitabu. Naapa, sikukumbuka ni kitabu.

Annet: Chapu.

Mimi: Mzee akasoma kwa Kiswahili. Akarudia kwa Kikakwa. Nikangoja mutu aulize, Marita gani? Mto gani? Hakuna mutu aliuliza. Unajua vile iko hapa. Kila mutu iko na mutu wake ng'ambo ya mpaka, Yei, Morobo, Kajo-Keji, ndani ya nyumba imefungwa. Ukisema msichana amefungiwa na hana mutu, hiyo watu wanajua tayari. Wamama wakaenda chini kwa simenti wote pamoja, kama gunia zimeanguka. Walilia, Annet. Walimwita jina yake. Marita, Marita. Mimi pia nilipiga magoti, nikalia na wao, na nilikuwa najua.

Injinia alikuwa ameacha mpira ndani ya beseni. Povu inatoka, haoni.

Mimi: Halafu wamama wakafunga. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hakuna chakula mpaka jua inaingia.

Hajati: Ya Rabi. Kwa ajili ya Marita?

Mimi: Kwa ajili ya Marita. Na jana mzee wa kanisa ameniona kwa steji. Amesema Jumapili nisimame mbele, nitoe ushuhuda, niseme Marita ameendelea namna gani.

Kwa mara ya kwanza nilisikia Redio imezima. Kidogo tu. Halafu akawaka, lakini chini chini.

Redio: Uliandika siku gani?

Mimi: Jumapili. Kama saa nne.

Redio: Annet, na komeo ilifunguka siku gani?

Annet hakutaka kufungua. Akafungua. Akatafuta na kidole.

Annet: Hapa nyuma wanasema, kengele ya kanisa ilikuwa inalia kuvuka maji.

Hajati: Basi ilikuwa Jumapili.

Redio: Mnaona nywele ya mkono yangu imesimama?

Annet: Ndugu zangu, ngojeni. Hiki kitabu kimechapwa miaka mingi. Kilikaa kwa beli, kikapanda meli. Mlango ulikuwa umefunguka zamani kabla Chapu hajajua kushika kalamu.

Redio: Kwa nani? Kwa sisi ilikuwa bado imefungwa. Wewe mwenyewe, Annet, ulikuwa umesoma mbele?

Annet: Hapana.

Redio: Basi kati yetu sote, kwa Koboko nzima, Jumapili ile Marita alikuwa ndani ya maji. Na watu wakaomba. Na tukifungua, ametoka. Mimi ni Muislamu, sina faida hapo. Nasema tu vile naona.

Injinia: Mutu ya kuandika kitabu anakaa na kalamu yake huko, miaka hiyo, anafika hapo kwa mlango, hajui afanye nini. Anasikia kitu. Anaandika, mlango ikafunguka. Hajui nani alifungua, ndiyo maana hakusema. Alisikia wamama wa Koboko, na hajui Koboko iko wapi.

Hiyo ilisemwa na Igga, mutu wa hesabu. Tulimwangalia. Hajati akakaa chini kwa kibao yake. Mimi nimesikia mambo mengi kwa hii benchi, watu wamesema mwezi ni ya kukodisha, lakini sijawahi kuona wote wanaogopa kugusa kitu iko kwa mapaja ya Annet.

Annet ndiye alitoka kwanza kwa hiyo woga.

Annet: Chapu, Jumapili utasema kweli. Utasema samahani, ilikuwa kitabu.

Redio: Kwa nini? Atasema ametoka. Uongo iko wapi? Imeandikwa, ametoka.

Annet: Wale wamama wanafikiri ni mtoto wa mutu.

Redio: Ni mtoto wa mutu. Baba yake alikuwa na kinu.

Hajati: Redio, kuna kuchezea, na kuna kuchezea mutu amefunga saumu. Hiyo ya pili hata kwetu ni dhambi.

Injinia: Hajati, mimi naogopa kitu ingine. Akisema ilikuwa kitabu, wiki ijayo kikapu inapita, mutu anaandika, dada yangu amefungiwa. Mzee anasoma. Nani atapiga magoti? Watasema, labda hii pia ni kitabu.

Annet: Na akidanganya, wakijua baadaye, si itakuwa mbaya zaidi?

Injinia: Sijui. Nasema tu, hiyo kikapu msiharibu. Siku moja mimi pia nitaandika.

Alisema hivyo, akainama kwa beseni, akaanza kutafuta tundu, na sisi sote tukajua dada yake ni wa kweli.

Sasa hapo nikaona mama anavuka barabara. Kitambaa ya kanisa kwa kichwa, viatu ya kufunga, na sufuria imefungwa na shuka safi. Ni Mama Ayikoru, anauza vitunguu sokoni, kiti yake kanisani ni ile ya dirisha. Akasimama mbele ya benchi. Tukasimama wote, Redio pia. Tukamsalimia, tukampa nafasi. Hakukaa.

Mama Ayikoru: Nani kati yenu ni kijana ya Marita?

Benchi nzima ikaniangalia. Hata mbuzi ya jirani.

Mimi: Ni mimi, Mama.

Mama Ayikoru: Mzee wa kanisa amesema nitakupata hapa. Mtoto wangu, nimeshindwa kungoja Jumapili. Niambie neno moja. Mlango imefunguka?

Nilifungua mdomo. Redio akanipita.

Redio: Imefunguka, Mama. Leo leo tumepata habari.

Mama Ayikoru akafunga macho. Hakupiga kelele, hakusema haleluya. Alisimama tu, sufuria kwa tumbo, midomo inatembea. Annet akaangalia chini. Mimi nilitaka barabara inimeze.

Halafu akaniambia, mimi, kama wengine hawako:

— Enoch, mtoto wangu wa kuzaa, alibaki Yei mwaka ile ya kukimbia. Walisema alikuwa ndani ya nyumba na wengine, mlango imefungwa. Kutoka siku hiyo sijui. Miaka yote nimekuja kanisa, nimekaa, nimeangalia dirisha. Magoti sikupiga. Nilimwambia Mungu, wewe kaa upande yako, mimi upande yangu. Jumapili wakasoma karatasi yako. Nikasikia, hana mutu. Goti ikaenda yenyewe, mtoto wangu, mimi sikuituma. Nikamwombea Marita mpaka nikamaliza. Na nikiwa niko chini hapo nikasema, basi na Enoch pia. Hiyo jina ilikuwa haijatoka kwa mdomo yangu miaka yote.

Hajati Sadiya alikuwa anapangusa uso na ncha ya kitenge. Mama Ayikoru akafungua shuka kidogo, tuone. Enyasa, ile ugali ya muhogo, bado moto, na mboga ya simsim, ile ufuta.

— Mutu ametoka kwa maji, tumbo yake imekuwa ndogo. Hapana mpa wali, hapana mpa nyama. Anaanza na hii. Na shuka ni yake, ajifunike. Sasa niambie, yeye iko wapi? Amekula?

Redio, mutu ambaye ameeleza babu yake alivuka bahari, akaangalia viatu yake. Injinia akakaza mpira hauna tundu. Annet alikuwa amevuta makoti ya watoto juu ya kitabu, mkono yake iko juu, kama mutu anazuia kitu isitoke. Nilimwangalia Hajati, labda ataniokoa na kikombe. Akainua birika, akatikisa. Hakuna kitu.

Mama Ayikoru hakuona haya yetu. Alifikiri tunaficha kwa sababu ya watu wabaya, na hiyo hapa ni kawaida, akanisogelea, akasema chini:

— Usinitajie mahali kama iko hatari. Nipeleke tu.

Na akaenda kwa pikipiki yangu. Akapanda, ubavu, vile wamama wanapanda, sufuria kwa mapaja, akatengeneza gauni yake, akangoja. Uso yake, ndugu yangu, mimi sijaona uso kama hiyo kwa mutu mkubwa. Kama mutu anaenda kupokea mgeni kwa basi.

Nikakaa mbele. Nikawasha. Yeye akashika shati yangu na mkono moja, mkono ingine kwa sufuria. Barabara iko mbili hapo: kushoto ni Arua, kulia ni mpaka, njia ya Yei. Annet alikuwa anatikisa kichwa kwangu, hapana, hapana, na Igga ananiangalia bila kupepesa. Wewe, ungekuwa kwa kiti yangu, na huyo mama nyuma yako anangoja, ungegeuza pikipiki upande gani, na ungemwambia nini?